Sitara na Haki

Katika sifa ambazo watu wa Pwani huzipenda, sitara ni mojawapo iliyo juu. Mtu mwenye sitara hafunui pazia la mlango wa jirani, hasimulii sokoni aliyoyaona chumbani, wala hamcheki maskini kwa kiraka cha nguo yake. Maiti husitiriwa kwa sanda, mgeni husitiriwa kwa malazi, na mkosaji aliyejuta husitiriwa kwa ulimi unaojua kunyamaza. Mji usio na sitara haukaliki. Kwa hiyo, msomaji wangu, sikuja kuipinga sitara. Nimelelewa ndani yake, na natumaini kuzikwa ndani yake. Nimekuja kuuliza swali moja ambalo limenisumbua kwa miaka mingi: tunaposema kwamba tumesitiri, ni nani hasa tuliyemfunika?

Swali hili hutupata kwa nguvu zote katika dhuluma ya ubakaji na ya kunajisiwa kwa watoto. Mtu akiibiwa mbuzi usiku, hupiga ukelele, na kabla hajaumaliza, majirani wamekwisha toka na kurunzi. Hapana amwulizaye kwa nini alifuga mbuzi, wala kwa nini mbuzi wake alinona. Lakini mtu akidhulumiwa mwili wake hunong'ona, na amsikiaye hunong'ona vile vile, na maswali yote huelekezwa kwake. Ulikuwa wapi? Ulivaa nini? Mbona hukupiga kelele? Aibu ambayo ilipasa kukaa kwa mtenda imehama, ikaenda kukaa kwa mtendewa. Ndani ya kuhama huko umo mzizi wa ugumu wote nitakaoueleza.

Mimi ni mwalimu, na nakaa Bofu, mtaa wa Likoni, ng'ambo ya kusini ya kivuko cha Mombasa. Watu wengi wa hapa huamka alfajiri kuiwahi feri waende kisiwani kutafuta riziki. Wengi ni wapangaji, na nyumba zimesongamana hata kikohozi cha nyumba moja husikika katika nyumba ya pili. Mwaka wangu wa pili baada ya kutoka katika chuo cha ualimu, mama mmoja alinigongea mlango usiku. Alikuwa pamoja na binti yake, mtoto wa shule. Binti alijifunga leso moja kiunoni na nyingine kichwani, na alikuwa akiitazama miguu yake. Mama hakunieleza mengi. Alisema maneno mawili tu: "Mwalimu, tusitiri."

Chuoni nilikuwa nimefunzwa kuandaa somo, kusahihisha madaftari na kulituliza darasa lenye kelele. Hapana somo lililonifunza usiku ule. Basi nilifanya lile ambalo moyo wa huruma hulifanya. Nilipasha maji moto, nikamwogesha mtoto yule katika karai kwa mikono yangu mwenyewe, nikamvisha gauni langu. Nguo alizokuja nazo nilizifua usiku ule ule, nikazianika uani. Nikampa chai, akalala kitandani mwangu. Asubuhi mama yake alinishukuru hata akatokwa na machozi.

Siku ya tatu binti alipata nguvu ya kulitaja jina la mtu. Alikuwa mtu wa karibu, ambaye mkono wake ulisaidia kulipa kodi ya nyumba. Ndipo walipokwenda hospitali. Daktari aliandika alichokiona, na alichokiona kilikuwa kidogo, kwa kuwa kingi kilikuwa kimekwenda na maji yangu. Wazee wa ukoo wakakutana, maneno yakatulizwa, na binti akapelekwa kwa nyanya yake, mbali na shule aliyoizoea. Mtu yule alibaki mtaani. Nilipokutana naye njiani alinisalimu kwa adabu, nami niliitika. Sina haki ya kumwita mkosaji, maana hakuhukumiwa na mahakama yoyote. Nasema tu kwamba tulikuwa tumesitiri sote, mama, wazee na mimi, na katika sitara yetu mtoto peke yake ndiye aliyebaki nje.

Usidhani, msomaji, kwamba nchi haina sheria. Ilikuwako zamani desturi katika mahakama za Kenya, iliyorithiwa kwa Waingereza, ya kujionya kwamba ni hatari kumtia mtu hatiani kwa neno la mwanamke aliyebakwa, lisipotiwa nguvu na ushahidi mwingine. Mwenye mbuzi aliweza kusadikiwa peke yake. Mwenye mwili hakuweza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba desturi hiyo inawabagua wanawake na haipatani na katiba. Sheria ya ushahidi nayo ilirekebishwa, hata hakimu akaweza kutegemea neno la aliyedhulumiwa peke yake, mradi ameridhika kwamba ni la kweli na ameandika sababu za kuridhika kwake.

Kisha ikaja Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, ambayo mswada wake uliletwa Bungeni na mbunge Njoki Ndungu. Kwa sheria hiyo, amnajisiye mtoto wa miaka 11 au chini yake hufungwa maisha. Wa miaka 12 hadi 15, kifungo kisichopungua miaka 20. Wa miaka 16 hadi 18, kisichopungua miaka 15. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ilisema kwamba vifungo hivyo vya chini vingali sheria. Mwanzoni kilikuwamo kifungu kilichotishia kumwadhibu atakayetoa mashtaka ya uongo. Kwa kuwa kiliwatisha wakweli pamoja na waongo, kilifutwa mwaka 2012. Mwaka huo huo Mahakama ya Rufani, ikiketi Mombasa, ilieleza kwamba kosa hili huthibitishwa kwa ushahidi, wala si lazima pawepo kipimo cha DNA.

Ikiwa sheria ni nzuri hivyo, mbona kesi huanguka? Jibu langu ni kwamba nyingi huanguka kabla hazijamfikia hakimu. Katika kesi ya mtoto aliyenajisiwa, upande wa mashtaka hudaiwa mambo matatu: umri wa mtoto, tendo lenyewe, na kwamba aliyetenda ni huyu aliyesimama kizimbani wala si mwingine. Kila jambo lina mlango wake wa kupotelea.

Umri ni jambo la karatasi, na karatasi hupotea. Wako watoto wasio na cheti cha kuzaliwa, na kadi ya kliniki imeliwa na mchwa au imesahauliwa katika nyumba ya kupanga. Tendo nalo huacha alama, lakini alama za mwili hufifia saa kwa saa, na hazimngoji mtu amalize kuona haya. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI hufaa ikianzwa kabla ya saa 72 kupita. Nguo zilizovaliwa ni ushahidi. Hazifuliwi, wala hazitiwi katika mfuko wa plastiki zikaoza kwa unyevu, bali huhifadhiwa katika karatasi. Hospitali huandika fomu yake ya huduma kwa aliyebakwa, na polisi hutoa fomu ya P3 ambayo mtabibu huijaza. Kisha mtabibu hutakiwa kufika mahakamani kueleza alichoandika. Naye huenda amekwisha hamishwa, hata kesi ikaahirishwa kumngoja.

Jambo la tatu, la kumtambua mtenda, ndilo zito kuliko yote, kwa sababu aghalabu si mgeni. Kikulacho ki nguoni mwako. Mtoto hutakiwa kumwelekezea kidole mtu ambaye jana alimletea mkate. Akimtaja, huenda nyumba ikakosa kodi. Asipomtaja, huendelea kula mkate huo. Na siku ya kusikizwa kesi mara nyingi mtu wa Bofu huvuka maji, hulipa nauli, hupoteza kibarua cha siku, na akifika huambiwa arudi mwezi mwingine. Akirudi mara ya nne, jirani aliyesikia kilio amekwisha hama na hajulikani aliko. Hivyo ndivyo kesi inavyokufa bila ya mtu yeyote kuiua. Kila mmoja ameiachilia kidogo.

Wako pia walinzi wa sheria walioachilia. Tarehe 27 Mei 2013, Mahakama Kuu huko Meru iliamua kwamba polisi walivunja haki za wasichana walionajisiwa kwa kutochunguza malalamiko yao kwa haraka na kwa ukamilifu. Mwezi uliofuata, katika wilaya ya zamani ya Busia, msichana wa miaka 16 alishambuliwa na kundi la wanaume akaumizwa vibaya. Watuhumiwa waliokamatwa walipewa adhabu ya kukata majani ya kituo cha polisi, kisha wakaachiliwa. Ilibidi watu zaidi ya milioni moja wa nchi mbalimbali watie sahihi zao kudai haki, ndipo mwaka 2015 watatu wakahukumiwa kifungo cha miaka 15. Tena, tarehe 10 Desemba 2020, Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua juu ya watu 8 waliodhulumiwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Wanne kati yao walipewa fidia ya shilingi milioni 4 kila mmoja, kwa kuwa serikali ilishindwa kutimiza wajibu wake kwao. Ilikuwa imepita miaka kumi na miwili na zaidi. Haki ilifika, lakini ilifika ikichechemea.

Sasa tuwasikilize wazee, kwa maana haifai kumhukumu mtu kabla hajasema. Wazee wanaosuluhisha mambo haya si watu waovu wote. Husema: kifungo hakitarudisha kilichoharibika, mji ukigawanyika hautaungana tena, binti atatangazwa, na nani atamwoa? Afadhali mkosaji atoe kitu, aombe radhi, na maneno yafunikwe. Ni maneno ya watu wanaopenda amani, nami siyadharau. Lakini nayaona yana kasoro mbili. Kwanza, sulhu ni ya watu wawili waliogombana, na hapa hapakuwa na ugomvi. Palikuwa na mwenye nguvu na asiye na nguvu. Pili, anayesamehe lazima awe ndiye aliyedhulumiwa. Ami hawezi kusamehe kwa niaba ya mwili usio wake, wala kupokea mbuzi kwa machozi ambayo hakuyatoa yeye. Sheria ya 2006 iliona hatari hii, ikaweka uamuzi wa kuacha uchunguzi au mashtaka ya namna hii katika mkono wa mwanasheria mkuu wa serikali. Na tangu katiba ya 2010 mashtaka ya jinai yamo mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Jamaa hawana ruhusa ya kuyazima barazani.

Msomaji mwenye fikira ataniuliza: je, akisingiziwa mtu asiye na hatia? Hilo ni swali la haki, wala halifai kupuuzwa. Kumfunga asiye na kosa ni dhuluma nyingine, na dhuluma haifutwi kwa dhuluma. Ndiyo sababu mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike pasipo shaka ya maana, na ana haki ya kujitetea na kuwahoji mashahidi. Lakini fikiri: je, kimya kinamfaa mtu huyo? Yule niliyemtaja, kama hakutenda, alidhulumiwa na sitara yetu kama binti yule, maana mtaa ulimhukumu kwa minong'ono asiyoweza kuijibu. Uvumi hauna kizimba, hauna wakili, wala hauna rufani. Kesi iliyochunguzwa vema ndiyo kinga ya mkweli wa kila upande. Simwombi mtu yeyote amtie mwenzake hatiani kwa kusikia tu. Naomba asikilize, ahifadhi ushahidi, na auache ushahidi useme.

Hapa ndipo nilipofikia jibu la swali langu la mwanzo. Nilikuwa nikidhani kwamba sitara iko nyumbani na fedheha iko mahakamani. Nilipojifunza zaidi niliona kwamba sheria yenyewe ina sitara yake, tena iliyo bora kuliko yetu. Hakimu aweza kuisikiliza kesi bila ya watu wa nje kuwapo. Shahidi aliye dhaifu aweza kukaa mahali palipokingwa asitazamane na mshtakiwa, au maneno yake yakapitia kwa msaidizi. Jina la mlalamikaji laweza kukatazwa kutangazwa, ndiyo maana katika hukumu nyingi huonekana herufi mbili au tatu tu. Mambo yake ya zamani na wanaume hayaruhusiwi kuulizwa ovyo, bila idhini ya mahakama. Mwaka 2022 Jaji Mkuu Martha Koome alizindua huko Shanzu, Mombasa, mahakama maalumu ya kesi za dhuluma za kijinsia, kusudi zisikilizwe kwa haraka na kwa utu. Sitara ya namna hii humfunika mtu, na tendo hulifunua. Sitara yetu ya usiku ule ililifunika tendo, ikamwacha mtu wazi. Basi kipimo ni hicho: kila unapotaka kusitiri, tazama ni kipi kitakachobaki chini ya nguo.

Wewe usomaye ni kijana, na pengine unasema: mimi si polisi, si daktari, wala si hakimu, haya yanihusu nini? Yanakuhusu kwa kuwa neno la kwanza huambiwa rafiki, kabla ya polisi. Mtu wa kwanza kuambiwa ana mamlaka makubwa kuliko anavyodhani. Akicheka, kesi imekufa. Akiuliza "Ulivaa nini?" kesi imekufa. Mwenzako akikuambia, msikilize bila ya kumkatiza, mwambie kwamba kosa si lake, na usilieneze. Asioge, asibadili wala kufua nguo kabla ya kufika hospitali; na kama amekwisha oga, bado aende, wala asidhani mlango umefungwa. Matibabu huja kwanza, na katika hospitali ya umma gharama yake ni ya serikali. Mkumbuke siku, saa na maneno, na mkiweza myaandike. Mwendeeni mtu mzima mnayemwamini. Akiwageuzia uso, nendeni kwa mwingine. Wala msidhani dhuluma hii huwapata wasichana tu; wavulana nao hupatwa, na kimya chao mara nyingi ni kizito zaidi, kwa kuwa wamefunzwa kwamba mwanamume halii.

Neno moja la hadhari. Mtu mzima aliyedhulumiwa ana haki ya kuchagua saa ya kusema na mtu wa kumwambia. Asiburutwe kama kielelezo. Lakini mtoto hawezi kuachiwa mzigo huo, na hasa sisi walimu hatuna udhuru. Mwaka 2010 Tume ya Kuwaajiri Walimu ilitoa waraka unaotulazimu kuripoti dhuluma za kingono wanazotendewa wanafunzi, hata kama mtenda ni mwalimu mwenzetu. Nilipousoma waraka ule niliona aya zake chache, nikatamani ningezisoma kabla ya usiku wa mlango kugongwa.

Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Anayeona haya kuonyesha ugonjwa wake hapati dawa. Na mimi nasema, mji unaoona haya kwa jeraha la mtoto wake utaendelea kuwajeruhi wengine. Karai lile ningali nalo, hulitumia kufulia. Siku nyingine mlango ukigongwa na mama akasema, "Mwalimu, tusitiri," nitamfunika mtoto leso yangu mabegani, nitamwambia hana kosa, nitachukua nauli iliyomo chini ya mto, na tutaondoka sote watatu kwenda hospitali usiku huo huo. Maji yatangoja.